Mchele Juu ya Farasi

Mzee Kanti alikwenda Japani kuona ngome, akarudi na picha za mawe. Alizionyesha Alhamisi kwenye chakula cha wazee pale Kingsbury, London. Simu ikapita mkono kwa mkono juu ya sahani za wali na dengu, kila mmoja akaitazama kwa adabu, akasema "very nice," akampa jirani. Ilipomfikia Placida, yeye hakusema nice. Aliivuta karibu na miwani, akaisogeza mbali, akaigeuza kichwa chini, kisha akamuuliza mwenyewe kwa Kiswahili kama nauli yote ile hakuona afadhali angeenda Wembley tu, barabara imechimbuliwa, mawe yapo ya bure.

"Mama Humphrey, wewe huna macho," Kanti akamwambia. "Hii ni ngome."

"Iko wapi?"

"Imebomoka."

"Basi sema ulikwenda kuangalia kilichobomoka. Ungekuja kwangu ungekiona, na chai ungepewa."

Kanti alicheka mpaka akakohoa, na Reshma, binti anayesimamia chakula hicho, akaja mbio na glasi ya maji akidhani mzee wa watu amepaliwa na dengu.

Katika chumba kile wote walikuwa Wahindi wa Afrika Mashariki, wa Kampala, wa Kisumu, wa Mombasa, isipokuwa Placida. Mara ya kwanza aliingia kwa kufuata harufu ya chapati kutoka kituo cha basi. Reshma alimkuta ameshakaa na ameshajipakulia, akaona aibu kumuuliza. Kanti ndiye aliyemsikia akilalamika kwa Kihaya juu ya chumvi, akageuka kama mtu aliyeitwa jina. Alizaliwa Bukoba, baba yake akiwa na duka la vitambaa karibu na soko, na utotoni alikula senene, wale panzi wa kukaanga, kwa siri nyumbani kwa fundi cherehani wa baba yake. Mpaka leo hajakubali kwamba alivunja mwiko wa nyumba yao wa kutokula nyama. Hujitetea kwamba senene si nyama, ni mboga inayoruka.

Tangu siku hiyo wakawa wanakaa pamoja, mwisho wa meza, karibu na mlango wa jikoni ambako chapati hupita kwanza.

Kanti alikuwa anakaa Stanmore kwa mwanawe Deepak, katika nyumba yenye vyoo vingi kuliko watu. Mkewe Champa alishafariki. Deepak ndiye aliyempeleka Japani, yaani alikuwa na mikutano yake ya kazi huko akamchukua baba kama anavyochukua begi. Siku ya ngome alimtia kwenye teksi asubuhi, yeye akabaki hotelini na kompyuta. Kwa hiyo Kanti alipanda mlima wa ngome peke yake, na hakuwa na wa kumwonyesha kitu mpaka aliporudi Kingsbury akamkuta Placida na ulimi wake.

Placida naye alikuwa peke yake, ila hilo alilificha kama watu wanavyoficha ugonjwa. Mumewe, marehemu Telesphor, alimwachia flati ya vyumba viwili, ghorofa ya pili, na mtoto mmoja. Mtoto huyo, Humphrey, alikuwa anakaa Leeds na mkewe Jacqueline na watoto wao, wajukuu ambao bibi akiwaita kwa Kiswahili wanaelewa kila neno na kujibu "I'm coming, Bibi," na hawaji.

Humphrey alipiga simu kila Jumapili. Simu ikilia tu, Placida anafungua redio, anachukua kikombe na kijiko anavigonganisha, ndipo anapokea. Anaongea huku anageuza shingo kumwambia mtu asiyekuwapo kwamba sukari iko pale pale, ajisikie nyumbani. Siku nyingine aliitikia hodi ambayo haikupigwa. Humphrey alikuwa akicheka, akisema kwa Mama ni stesheni, watu hawaishi kupanda na kushuka. Placida naye akicheka, anaaga kwa haraka kwa sababu ya wageni, anaweka simu chini, anazima redio. Kisha anakaa kutazama vikombe viwili mezani, kimoja kikavu.

Alianza fiksi hizo ili mtoto asihangaike. Zikafanya kazi vizuri kuliko alivyotarajia. Zamani Humphrey alikuwa anakuja kila mwezi, analala kwenye kochi, anarekebisha bomba ambalo halijaharibika. Aliposikia mama ana watu wake, alipumua. Ziara zikawa za sikukuu, kisha zikawa simu.

Sasa Jacqueline, ambaye ni nesi, alikuwa amepata kazi Canada. Kazi nzuri, nyumba na bustani, shule ya watoto karibu. Humphrey alimweleza mama yake yote hayo kwa sauti ya mtu anayebeba yai, mwisho akasema Jumamosi baada ya wiki ijayo atakuja Kingsbury mwenyewe, aone anavyoishi. Akimwona hana mtu, hawaendi. Ameshamwambia Jackie, na Jackie amekubali, ingawa alilia kidogo.

Placida alimwambia aje tu, ila aseme mapema atafika saa ngapi, maana viti vinagombewa.

Alhamisi hiyo alimweleza Kanti habari hizo kwa mzaha, akimega chapati. Akasema mama gani anakaa juu ya riziki ya mwanawe kama kuku aliyeatamia. Lazima mtoto aende. Hilo lilikuwa kweli kabisa. Lakini palikuwa na la pili, na hilo hakumwambia Kanti wala hakujiambia mwenyewe kwa sauti. Alikuwa anataka Humphrey aingie mlangoni, azungushe macho mara moja tu, aseme, "Mama, unanidanganya."

Kanti hakutoa ushauri. Alitoa simu na kurudi kwenye mawe yake, maana mtu aliyekwenda mbali akarudi bila kusikilizwa hatapona mpaka amalize.

Alisema ile ngome ilijengwa juu kabisa ya mlima, karne nne au tano nyuma, wakati mabwana wa Kijapani walipokuwa wanapigana kila mmoja na jirani yake. Jina lake hakuweza kulitamka, kwa hiyo aliiita ngome yangu. Kuta zake zilipangwa jiwe juu ya jiwe bila saruji wala udongo, zikafuata mgongo wa mlima kama mtu aliyelala ubavu. Asubuhi ukungu hujaa bondeni mpaka mji wote unapotea, na wewe huko juu unabaki na mawe na misonobari, kama dunia nzima imehama bila kukuaga. Kanti alikaa pale juu ya ukuta akala thepla, chapati za viungo alizobeba kutoka Stanmore. Bibi mmoja mkata tiketi, aliyejua Kiingereza kidogo, alipanda na chupa ya chai akamhadithia.

"Siku moja adui akaizunguka," Kanti akaanza, na hapa aliweka simu chini. "Jeshi kubwa, pande zote. Hakushambulia. Alikaa tu, akasubiri kiu iwaue, kwa sababu alijua kisima cha juu kule kimekauka. Chakula walikuwa nacho, mchele maghala kwa maghala. Maji hawana hata ya kuosha jicho. Basi bwana wa ngome akafanya nini? Akamtoa farasi wake, akamsimamisha ukingoni kabisa, pale jua linapopiga. Akaagiza mchele mweupe, ndoo baada ya ndoo, wanammwagia mgongoni na kumsugua, kama mtu anavyoogesha farasi. Kutoka chini mchele ukimiminika unang'aa. Adui akaona maji. Akasema, kama wana maji ya kuogeshea wanyama, hawa tutakaa hapa mpaka meno yang'oke."

"Akaondoka?"

"Akakunja mahema akaenda zake."

Placida alimeza tonge. Kisha akauliza kama yule bwana wa ngome, adui alipoondoka na bonde likabaki tupu, alifurahi.

"Kwa nini asifurahi? Amepona."

"Nimeuliza tu," Placida akasema, akainuka kuwahi basi kabla Kanti hajamaliza.

Kwenye basi, akipita maduka ya dhahabu na ya sari ya Kingsbury Road, alikuwa ameshajua farasi wake ni nani na mchele wake ni upi. Mtu akija nyumbani kwa mtu, kabla hajaona sura yoyote, anaona nini? Anaona viatu mlangoni. Wahindi wanavua, Waswahili wanavua, hata Humphrey wa Leeds anavua. Viatu vikiwa vingi, nyumba imejaa. Hakuna anayehesabu miguu.

Alipomweleza Kanti mpango huo Alhamisi iliyofuata, mzee alikataa, akasema ni dhambi. Baada ya chai akauliza ni viatu vya namna gani.

Jumamosi yenyewe alifika mapema na begi kubwa la safari, lile lile la Japani. Alilifungua sebuleni kama mchuuzi. Palikuwa na viatu vya shule vya Deepak ambavyo hakuna aliyevitupa, raba za wajukuu, makubazi yake mwenyewe ya tangu Bukoba, na chini kabisa, vimefungwa kwenye gazeti la Kigujarati, ndara za Champa. Zilikuwa ndogo, za ngozi, kisigino kimoja kimelika kuliko kingine. Placida alizitazama, akamtazama mwenyewe, akasema hizo si lazima. Kanti akasema ziwekwe, Champa alipenda kutembelea watu.

Placida alitoka nje akapanga. Wanaume huku, wanawake kule. Aliongeza vya kwake vyote, hata mabuti ya theluji na viatu vya marehemu Telesphor vya kanisani. Akaona vimekaa kama dukani, akavivuruga. Kimoja akakigeuza tumbo juu, kwa sababu penye wageni wa kweli hakikosekani kiatu kilichopinduka. Jirani wa mlango wa pili alitoa kichwa akauliza kama anauza. Placida akamwambia kwa Kiingereza chake cha miaka ya kazi hospitali kwamba leo bado, arudi kesho.

Ndani alikuwa amepika kama mwenye harusi. Ndizi na nyama chungu kizima, ndizi na maharage kwa ajili ya Kanti, na wali. Vikombe vilipangwa mezani vyote, vingine vimetiwa chai nusu na kuachwa vipoe. Viti vilitazamana kama watu wanaosengenya. Ikabaki sauti. Redio, alisema Placida, inasema mtu mmoja mmoja, haitoshi. Kwaya ndiyo watu wengi kwa mpigo. Akamwagiza Kanti atafute kwaya ya Kiswahili kwenye simu yake na kuiunganisha na spika ya bluetooth ambayo Deepak alimpa hajui ya nini. Kanti alitafuta, akapata yenye watu wengi waliovaa sare, akaiweka, akaongeza sauti. Placida alikuwa jikoni anakaanga, mafuta yanapiga kelele, feni ya jiko inanguruma. Alisikia sauti nne zimepangana vizuri, akaridhika. Maneno hakuyasikia. Kanti aliyasikia, ila yeye si Mkristo, kwake nyimbo zote za kanisani ni za kanisani.

Simu ya Placida ililia chumbani mara kadhaa. Nani angeisikia.

Wakingoja, Kanti alisimama mlangoni mwa jikoni amevaa aproni ya mwenyeji wake, kwa heshima ya shati lake. Akasema ile hadithi ya ngome Placida aliiacha katikati siku ile. Yule bibi mkata tiketi alisema kuna wanaoimaliza hivyo, adui akaondoka. Lakini nyanya yake yeye, aliyezaliwa chini ya mlima ule ule, aliimaliza vingine.

"Inaishaje?"

"Wakaja shomoro. Wakatua kwenye kwato za farasi, wakaanza kudonoa. Adui chini akajiuliza, tangu lini ndege wanadonoa maji? Jioni ile ile ngome ikatekwa."

Placida alishusha mwiko. "Kantibhai, na hilo hukuweza kuniambia Alhamisi?"

"Ulikuwa unawahi basi."

Kwa hasira alimtaka basi amalizie kabisa, baada ya kutekwa ikawaje, na Kanti akamwambia hakukuwa na mengi. Mshindi alikaa humo miaka kidogo. Kisha vita vikaisha nchi nzima, mtawala mkuu akatoa amri kila jimbo libaki na ngome moja tu. Ile ya mlimani haikuwa na kazi tena. Wakang'oa nguzo na vigae wakashusha mjini kujengea, milango wakachukua watu wa hekalu, wakabakiza mawe kwa sababu mazito. Hakuna aliyeishi juu kule tena. Alisema alidhani ukipanda mahali ambapo watu wamepigania hivyo, utasikia kitu. "Nilikaa nikasikiliza. Kimya, dada yangu. Nikaita jina la Champa mara moja, maana nilikuwa peke yangu, nani atanicheka. Hata mwangwi hapana. Mawe yana ukungu wa kijani, yanameza."

Placida alichukua tena mwiko. Alimjazia bakuli, na ndipo mlango ukagongwa.

Hakuwa Humphrey. Alikuwa jirani, yule yule, sura imebadilika. Alisema kwa sauti ya chini kwamba anasikitika sana, hakujua, na kwamba kuna mtu kwenye ngazi analia, labda ni wa kwao.

Placida alitoka miguu mitupu. Humphrey alikuwa amekaa kwenye kipandio cha juu, koti bado mwilini, begi kati ya magoti, uso ameufunika kwa viganja. Viatu vyake alikuwa ameshavivua. Alikuwa ameviweka mwisho wa mstari, vimebanana sawasawa, kama alivyofundishwa mtoto.

Kwanza hakumtambua mama yake. Alimtazama kama mtu anayetazama picha ukutani. Kisha akainuka, akamshika mabegani, akashika mikono, akashika tena mabega.

"Nimepiga simu tangu stesheni ya King's Cross," akasema. "Hupokei. Nafika nakuta viatu. Nasikia kwaya inaimba ya kuaga."

Placida akageuza kichwa kusikiliza. Feni ya jiko haikuwapo hapa nje kumziba masikio. Kwaya ilikuwa inamsindikiza mtu kwa Mungu kwa sauti nne, taratibu, na walikuwa kwenye ubeti wa udongo kurudi udongoni.

Yeye aliyekaa misiba mingapi, Kamachumu kwao na London, aliyezunguka na sufuria kwenye nyumba ambazo usingeweza kupata pa kukanyaga mlangoni kwa viatu, yeye alisahau kwamba kwa watu wao mlango wenye viatu vingi namna ile una maana mbili, harusi au msiba. Na harusi haifanywi kimya bila mtoto wa nyumba kualikwa.

"Nilikaa hapa nikasema siingii," Humphrey akasema. "Nikiingia itakuwa kweli."

Hapo ndipo Kanti alipotokea mlangoni na aproni na bakuli. Humphrey alifuta macho haraka, akakusanya adabu zake zote. Kama mama hakufa, basi amekufa mwingine, na huyu mzee ndiye mfiwa.

"Shikamoo mzee. Pole sana."

Kanti, mtoto wa Bukoba, hajawahi kupewa pole akaacha kuijibu. "Nimeshapoa, baba," akasema, na macho yake, bila yeye kupenda, yakaenda kwenye zile ndara za ngozi.

Kwa muda wa pumzi moja Placida aliona njia imefunguka mbele yake. Msiba wa Kanti. Watu wamejaa, wametoka kidogo, miguu mitupu kwa desturi yao ya Kihindi, kwenda kumchoma marehemu, watarudi. Ingemeza kila kitu, viatu, kwaya, chungu kizima cha ndizi. Ilikuwa fiksi bora kuliko zote alizowahi kutunga, na hakuitunga hata yeye. Humphrey angekula, angempa pole tena mzee, angerudi Leeds akamwambie mkewe wafunge mizigo, Mama ana watu, hata misiba inawekwa kwake.

Mtoto wake alikuwa amesimama na soksi kwenye sakafu ya baridi. Soksi moja ilikuwa na tundu.

"Watu wako wapi, Mama?" akauliza, akichungulia ndani.

"Hawapo."

"Wamekwenda wapi?"

"Hawakuja. Hawajawahi kuja, Humphrey. Ni mimi na huyu Kantibhai, na huyu mwenyewe ni Alhamisi tu, leo nimemwazima pamoja na viatu."

Humphrey aliingia. Alizunguka sebule, akagusa kikombe kimoja, kimepoa, akagusa kingine. Alivuta kiti kilichotazamana na kiti kitupu, akakaa. Kanti alizima kwaya. Alipomaliza, ukimya wa flati ile ukawafanya wote watatu wasikie bomba la hita likigonga kama linavyogonga siku zote mwenyeji akiwa peke yake, na Placida aliona aibu ya bomba hilo kana kwamba mgeni amemkuta akiongea nalo.

"Na Jumapili?" Humphrey akauliza. "Wale wageni wa Jumapili?"

"Kijiko."

Humphrey alisukuma kikombe kando. Kisha akasema basi, hawaendi Canada. Alilisema vizuri, bila kinyongo, akaanza hapo hapo kupanga, atatafuta uhamisho London, au mama ahamie Leeds, chumba cha vitu kitolewe vitu.

Placida alilipokea neno hilo alilolingojea. Aligundua anamtazama nywele. Zilikuwa zimeanza mvi juu ya masikio, na yeye hakuwa na habari, kwa sababu kwenye simu mvi haisikiki. Miaka yote hiyo alikuwa anazuia kwa kijiko asionwe, kumbe na yeye alikuwa haoni.

"Mtakwenda," akasema.

"Mama, usianze."

"Sianzi. Wiki iliyopita ningekuambia nenda, nimejaa watu. Leo nakuambia nenda, sina mtu. Jackie amesomea kazi ile, watoto wale ni wake pia. Mimi nitakuwa hapa, peke yangu, Alhamisi nakwenda kula dengu. Si vizuri. Sijasema ni vizuri. Lakini nenda ukijua."

Humphrey alisema hilo ni gumu kuliko kudanganywa. Placida akasema ndiyo, kwa hiyo ale kwanza.

Walikula watatu chakula cha msiba mzima. Humphrey alipakuliwa mara tatu na kila mara alikataa. Kanti alimhadithia jinsi alivyokwenda Japani kuona ngome, akamwonyesha mawe, na Humphrey, ambaye alikuwa mtoto mwenye adabu, akasema very nice. Placida na Kanti waliangaliana, wakashindwa kujizuia.

Alasiri mzee alikusanya viatu vyake kwenye korido. Alivitupa begini ovyo, vya Deepak, vya wajukuu, mpaka zikabaki ndara. Placida alikuwa amesimama kwenye fremu ya mlango na alimwona anazipangusa soli kwa kiganja, taratibu, ingawa hazikukanyaga popote. Humphrey alimbebea begi hadi kituo cha basi.

Humphrey na familia yake waliondoka kwenda Canada baridi ilipoisha, wakati miti ya Kingsbury inatoa vichipukizi. Hakwenda uwanja wa ndege. Alisema viatu vinambana, jambo ambalo safari hiyo lilikuwa kweli.

Alhamisi ziliendelea. Kanti alikosa mbili mfululizo kwa kifua, na Placida alikaa mwisho wa meza akila chapati ya kwanza na kuzungumza na mzee wa Kisumu ambaye kila alichoambiwa alisema "eh?" Siku nyingine za wiki zilikuwa kama zilivyokuwa. Isingekuwa haki kusema zilipungua urefu.

Jumapili moja, mvua inapiga dirisha na giza limeanza kuingia mapema, simu ikalia. Mkono wake ulikwenda kwenye kikombe wenyewe, kwa mazoea. Akaurudisha. Akapokea.

"Una wageni?" Humphrey akauliza, kama siku zote.

"Sina. Wewe?"

Kule ilikuwa bado asubuhi. Alisema Jackie yuko zamu, watoto wamekwenda kuogelea na jirani, nyumba kubwa, theluji imeanguka tena, haijali ni mwezi gani. Amekaa tu. Alisema anajaribu kupika.

"Najua. Unaunguza vitunguu."

"Utajuaje wewe uko London?"

"Nasikia. Punguza moto."

Alisikia swichi ya jiko ikigeuzwa ng'ambo ya bahari, na mlio wa mafuta ukashuka. Mwiko ukaanza kukwangua, pole pole. Hakuna aliyekuwa na habari ya kusema, na hakuna aliyeaga. Placida alivuta blanketi juu ya magoti, akaweka simu kwenye mkono wa kochi, spika juu.

"Mama, upo?"

"Nipo. Tia nyanya sasa."